Kabla ya Kulaumu Betri, Pima Waya

Simu ikianza kuchaji kwa kusuasua, mwenye nayo hushuku betri kwanza, kisha simu yenyewe, kisha umeme wa mtaa. Waya hukumbukwa mwisho, tena pesa za betri mpya zikiwa zimeshatoka. Ilhali waya ndio unaokunjwa, kuvutwa, kukanyagwa na kulaliwa kila siku, na ndio wa bei ndogo kuliko vyote. Uanze nao.

Kilichomo ndani

Ukichana waya wa kawaida wenye USB-A (ile ncha pana ya upande wa chaja) upande mmoja na Micro-USB (ncha ndogo ya simu za zamani) upande wa pili, utakuta nyaya ndogo nne. Nyekundu hupeleka volti 5, nyeusi hurudisha umeme, ya kijani na nyeupe hubeba data. Baadhi zina pia wavu wa shaba au karatasi ya alumini iliyozungushwa kuzikinga nyaya za data. Nyaya za bei ya chini kabisa zina mbili tu, nyekundu na nyeusi. Hizo zitachaji, lakini kompyuta haitaiona simu hata ufanye nini kwenye mipangilio. Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaijui: chaja za Quick Charge huzungumza na simu kupitia nyaya za data. Zisipokuwepo, simu hubaki kwenye volti 5 na neno "chaji ya haraka" halitokei kamwe, ingawa chaja ni nzima na simu ni nzima.

USB-C, iliyotoka mwaka 2014, ina nafasi za pini 24, na ndani yake kuna njia moja ya ziada iitwayo CC. Kupitia hiyo, chaja na simu hupatana nani anatoa umeme, nani anapokea, na kiasi gani. Waya wa USB-C pande zote mbili hupitisha ampea 3 bila shida. Ukitakiwa kupitisha ampea 5 lazima uwe na chipu ndogo ndani ya ncha inayoitambulishia chaja kwamba waya huu unahimili mzigo huo. Chipu isipokuwepo, chaja nzuri ya laptopu ya wati 100 itakomea wati 60, yaani volti 20 kwa ampea 3. Hapo chaja haijaharibika. Inakataa kuuchoma waya.

Waya wa USB-A kwenda USB-C unapaswa kuwa na rezista, yaani kijenzi kidogo cha kuzuia umeme, ya kilo-ohmu 56 ndani ya ncha ya USB-C. Watengenezaji wazembe waliwahi kuweka ya kilo-ohmu 10, ambayo huiambia simu kwamba inaweza kuvuta ampea 3 kutoka popote. Simu ikiamini hivyo huku imechomekwa kwenye tundu dogo la kompyuta au redio, tundu hilo huzidiwa na linaweza kuungua. Kwa macho huwezi kuujua waya wa namna hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya kununua kwa mwenye duka ambaye utamkuta palepale wiki ijayo.

Rezista za namna hiyo zinaeleza jambo linalowasumbua watu kila siku: tochi, spika ndogo au mashine ya kunyolea yenye tundu la USB-C inakataa kuchaji kwa waya wa USB-C pande zote mbili, lakini kwa waya wa USB-A inakubali. Mtengenezaji wa kifaa aliacha kuweka rezista mbili za kilo-ohmu 5.1 upande wa kifaa, kwa hiyo chaja ya USB-C haijui kama kuna mtu mlangoni na haitoi umeme. Tumia waya wa USB-A na chaja ya kawaida, usihangaike zaidi.

Unene wa shaba

Hapa ndipo nyaya nzuri na mbovu zinapoachana, wala si kwenye kitambaa cha kusukwa au taa ya rangi kwenye ncha. Waya wowote una ukinzani, yaani huuzuia umeme kidogo unapopita. Ukiwa mwembamba au mrefu, ukinzani unaongezeka, na volti zinapungua kabla hazijafika kwenye simu.

Tafuta maandishi madogo kwenye ganda, kwa mfano 28AWG/1P + 24AWG/2C. AWG ni kipimo cha Kimarekani cha unene, na kinakwenda kinyume: namba ikipanda, waya unazidi kuwa mwembamba. Sehemu ya kwanza ni jozi ya data, ya pili ni nyaya mbili za umeme, na hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Shaba ya 28AWG ina ukinzani wa takribani ohmu 0.21 kwa mita, ya 24AWG takribani 0.084. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 1 una safari ya mita 2.

Piga hesabu ya ampea 2. Kwa 28AWG zinapotea volti 0.85, hivyo simu inapata volti 4.15 badala ya 5. Kwa 24AWG zinapotea 0.34, simu inapata 4.66. Simu nyingi zikiona volti zimeshuka kukaribia 4.4 hupunguza zenyewe mkondo zinaovuta ili zisizime chaja. Simu haitalalamika wala kuonyesha kosa lolote. Itachaji tu polepole, na wewe utalaumu betri. Huo waya wa 28AWG ukiwa wa mita 2, hasara ileile ya volti 0.85 inatokea kwa ampea 1 tu. Kwa hiyo ukitaka waya mrefu wa kufika kitandani, nunua wenye nyaya za umeme za 22AWG au 20AWG, la sivyo chukua wa mita 1 na usogeze soketi kwa ekstensheni. Ekstensheni ya umeme wa ukutani ni nafuu kwa simu kuliko urefu wa waya wa USB.

Chaji ya haraka kwa volti 9 inauonea huruma waya mwembamba. Wati 18 kwa volti 9 ni ampea 2 tu. Kwa volti 5 zingehitajika ampea 3.6. Mifumo kama VOOC ya OPPO imekwenda njia nyingine, ya mkondo mkubwa na volti za chini, ndiyo maana inadai waya wake maalumu ulio mnene. Ukiipa waya wa kawaida itachaji kwa mwendo wa kawaida.

Ujanja mwingine wa sokoni ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje inang'aa kama shaba. Ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya shaba kwa unene uleule, na hukatika upesi ukikunjwakunjwa. Ukiwa na waya uliokufa, chuna uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini ni nyeupe. Ukiweka sumaku na nyuzi zikavutwa, ndani kuna chuma, na waya huo haufai hata kwa redio. Utakuwa umejua usirudie kununua chapa gani.

Kupima bila kifaa

Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Simu ileile, chaja ileile, soketi ileile. Waya tu ubadilike. Ukibadilisha waya na chaja kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Anza betri ikiwa asilimia 20, zima data na Wi-Fi, kioo kizimwe, na uandike muda hadi ifike asilimia 50. Kwa betri ya mAh 5000, chaji ya wati 18 inayofanya kazi sawasawa huchukua dakika 20 hadi 25. Kwa wati 10 ni kama dakika 40. Ikipita saa 2, simu inapata nusu ampea tu, kana kwamba imechomekwa kwenye kompyuta. Usipime juu ya asilimia 80, kwa sababu hapo simu yenyewe hupunguza mkondo kulinda betri, na kila waya utaonekana mbaya.

Kisha fanya jaribio la shingo. Simu ikiwa inachaji, kunja waya taratibu karibu na ncha, upande huu na upande ule, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ncha. Alama ya chaji ikipotea na kurudi, nyuzi zimekatika humo ndani. Gusa ncha pia baada ya dakika 10. Uvuguvugu ni kawaida. Joto la kukufanya uondoe kidole si kawaida. Kwa ampea 3, ukinzani wa ohmu 0.1 tu pale pini zinapogusana huzaa karibu wati 1 ya joto kwenye sehemu ndogo kuliko punje ya mahindi, na plastiki ya pini huanza kulainika. Waya wa namna hiyo uache siku hiyohiyo, kwa sababu utaharibu na tundu la simu.

USB-C ikichaji upande mmoja na kukataa ukiigeuza, jaribu waya mwingine. Ukikataa upande uleule, tatizo ni tundu la simu: lina pini mbili za CC, moja kwa kila upande, na mojawapo imechafuka au imeungua. Kwenye Lightning, tundu la iPhone za kabla ya 15, mambo ni tofauti kidogo, kwani mara nyingi ni pini moja ya dhahabu kwenye ncha ya waya iliyogeuka nyeusi. Iangalie chini ya tochi.

Kupima kwa mita ya USB

Mita ndogo ya USB inayoonyesha volti na ampea inamfaa fundi yeyote wa kibandani, na nyumba yenye simu nyingi pia. Tumia ya USB-C ili uweze kuiweka pande zote mbili za waya.

Iweke kwanza kati ya chaja na waya, simu ikiwa chini ya asilimia 50, usubiri dakika 1 namba zitulie. Andika volti na ampea. Ihamishe iwe kati ya waya na simu, andika tena. Ampea zinapaswa kuwa zilezile au zikaribiane sana; zikitofautiana, rudia. Toa volti za pili kwenye za kwanza, gawanya kwa ampea. Mfano: upande wa chaja 5.10, upande wa simu 4.78, mkondo ampea 1.6. Tofauti ni 0.32, gawanya kwa 1.6, unapata ohmu 0.2. Kwa waya wa mita 1 hiyo ni alama nzuri. Ukizidi 0.4, ubaki kwa ajili ya tochi, simu za batani na vitu vinavyovuta nusu ampea.

Tundu la simu

Nyaya nyingi hutupwa zikiwa hazina kosa. Tundu la USB-C lina ulimi katikati, na nyuzinyuzi za mfukoni hushindiliwa chini kabisa kila unapochomeka. Dalili yake ni kwamba ncha haiingii hadi mwisho, haitoi ule mlio mdogo wa kukaza, na waya unadondoka kwa uzito wake.

Zima simu kabisa. Chukua kijiti cha kuchokolea meno cha mbao, kichonge kiwe bapa, mulika kwa tochi, uchokoe kando ya kuta za tundu ukitoa uchafu kwa nje. Usiuguse ulimi kwa nguvu. Sindano na pini ya nguo ni marufuku: chuma hukwaruza dhahabu ya pini na kinaweza kuunganisha pini mbili. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji.

Watu wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, wana adui wa ziada. Hewa yenye chumvi na jasho la mfukoni vikikutana na pini zenye umeme huzaa kutu ya kijani au nyeusi, na pini za umeme ndizo huanza kuliwa. Loweka mswaki laini kwa tone la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, piga mswaki taratibu kwenye tundu na kwenye ncha, kisha acha dakika 15 kabla ya kuwasha. Manukato, mafuta ya taa na maji havifai.

Simu ikionyesha onyo la unyevu, chomoa waya mara moja, gongesha simu polepole kwenye kiganja tundu likiangalia chini, uiache penye upepo kwa nusu saa au zaidi. Kuitumbukiza kwenye mchele hakusaidii. Vumbi la mchele huingia kwenye tundu, na Apple wamewaonya watumiaji wao wasifanye hivyo.

Micro-USB ina vijino viwili vya springi upande mmoja wa ncha. Vimewekwa kwenye waya kwa makusudi, ili kinachochakaa kiwe waya na si simu. Vikilala bapa, waya haushiki tena. Unaweza kuviinua kidogo kwa ncha ya sindano ukiwa umeuchomoa waya kote, lakini hesabu kwamba umejipa wiki chache tu.

Data inapogoma

Simu inachaji lakini kompyuta haioni kitu. Kwenye Android, vuta chini sehemu ya arifa, gusa ile ya USB, chagua kuhamisha faili. Simu nyingi huanza na kuchaji peke yake, kwa usalama. Kwenye iPhone fungua kioo na ukubali kuiamini kompyuta. Bado kimya? Waya hauna nyaya za data au zimekatika. Hakuna programu itakayotibu hilo.

Kasi nayo inategemea waya. USB 2.0 ina megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi. Kwa kazi halisi tarajia megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, hivyo video za gigabaiti 10 huchukua kama dakika 5. Waya wa USB-C si lazima uwe wa kasi. iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 inaweza kupitisha gigabiti 10 kwa sekunde, lakini waya uliomo kwenye boksi lake ni wa USB 2. Mpiga video anayehamisha faili kubwa kila siku anunue waya ulioandikwa gigabiti 10, mfupi, wa mita 1 au chini. Wengine wote hawauhitaji, tena ni mzito na mgumu kukunjika.

Ule waya wa nyuzi mbili tu, tuliousema mwanzoni kwa ubaya, una mahali pake: kuchajia kwenye tundu la USB la basi au ukumbi wa kusubiria. Hauwezi kupitisha data hata anayemiliki tundu akitaka.

Kuunga waya uliokatika

Inafaa kwa waya wa USB-A kwenda Micro-USB au USB-C wa chaji ya kawaida, uliokatika katikati, au kama una nyaya mbili mbovu na kila mmoja una ncha moja nzima. Waya wa USB-C pande zote mbili, wa ampea 5, au wa mfumo maalumu wa chaji ya haraka, usiuunge. Ukinzani wa kiungo na nyaya zilizokosewa ndani vinaweza kuugharimu ubao wa simu. Waya uliokatikia shingoni kabisa, ndani ya plastiki ya ncha, nao ununue mwingine.

1. Kata sentimita 2 kila upande wa palipokatika. Shaba ikiwa nyeusi, endelea kurudi nyuma hadi uone inayong'aa.
2. Kabla ya jambo jingine, vishe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto: mnene wa milimita 6 wenye urefu wa sentimita 5 kwenye waya wote, na myembamba ya milimita 2 kwenye kila waya mdogo. Ukisahau hapa, utalazimika kufumua kila kitu baadaye.
3. Menya ganda la nje sentimita 3, na nyaya ndogo milimita 5. Zikate kwa kupishana urefu, ili viungo visilaliane.
4. Usiamini rangi. Weka mita ya fundi kwenye mlio. Kwenye ncha ya USB-A kuna pini nne: mbili za pembeni, zilizo ndefu kidogo, ni za umeme, mbili za katikati ni za data. Tambua kila waya unatoka pini gani, pande zote mbili, kabla ya kuunga.
5. Sokota, gusisha chuma cha kuyeyushia risasi kwa sekunde 2 hadi 3, risasi inywewe na shaba na si kukaa juu kama tone. Sogeza mirija, isinyazwe kwa joto la mbali.
6. Pima kati ya umeme na kurudi: mita isilie. Chomeka kwenye chaja, upate kati ya volti 4.75 na 5.25. Jaribu kwanza kwa tochi, simu ifuate.

Kosa linaloua simu ni kupishanisha nyekundu na nyeusi. Inatosha mara moja, na chipu ya kuchaji imekwenda. Kiungo cha kusokota na tepu bila risasi nacho ni hatari, kwa kuwa hulegea, hupata joto, na mara nyingi kinakuwa chini ya mto au godoro.

Kutunza

Shika ncha unapochomoa, usivute waya. Uzungushe kwa duara pana kama la kikombe. Kuuviringisha kwa nguvu kwenye chaja hukata nyuzi shingoni. Usitumie simu kucheza mchezo huku ncha imekandamizwa kifuani au kwenye tumbo, kwa kuwa mzigo wote unakaa kwenye ulimi wa tundu. Kwenye sola ndogo ya nyumbani tumia waya mfupi zaidi ulio nao, kwa sababu tundu lake linatoa umeme kidogo na hakuna volti ya kupoteza njiani.

Waya ulioungua au ulioyeyuka ncha, ukate pande zote mbili kabla ya kuutupa, ili mtoto au mpita njia asiuokote na kuuchomeka.